Si ya moto, si ya baridi: namna ya kuonja bia nzito ya Kigiriki na kuitafutia chakula chake

Shemeji yangu alipokuja Athens kunitembelea akitokea Arusha, nilimfungulia chupa ya bia nyeusi nikaimimina kwenye glasi ya mvinyo. Akaishika ile glasi, akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Shemeji, mbona umenipa ya moto?"

"Hii si ya moto."

"Basi na ya baridi si hii."

Alikuwa sahihi. Nyumbani mhudumu wa baa akishapokea oda anauliza swali moja tu, ya moto au ya baridi, na mteja anajibu kwa neno moja. Bia nzito za viwanda vidogo vya Ugiriki, zile nyeusi na nyekundu zenye kimea kingi na kilevi cha asilimia saba, nane, hata tisa, zinakaa katikati ya majibu hayo mawili. Nina miaka sita namimina bia kwenye taverna, mgahawa wa Kigiriki, mtaa wa Kypseli, na kosa ninaloliona kila wiki ni lile lile: mtu anainywa bia hii kama soda ya kukata kiu. Ichukulie kama kahawa. Ukiielewa hivyo, habari ya chakula nayo utaipata bila taabu, maana watu wa Pwani wanaijua tangu zamani.

Chupa ipi, na lebo inasemaje

Ugiriki ni nchi ya mvinyo. Bia iliingia kwa mlango wa Wajerumani: mfalme wa kwanza wa Ugiriki mpya, Otto, alitoka Bavaria, na kiwanda cha Fix kikaanzishwa Athens mwaka 1864. Jengo lake sasa ni makumbusho ya sanaa ya kisasa, na kituo cha metro kilicho jirani bado kinaitwa Syngrou-Fix. Kwa zaidi ya karne moja bia ya Mgiriki ilikuwa laga nyepesi ya baridi, ya kunywa ufukweni huku miguu iko mchangani. Viwanda vidogo vimekuja juzi tu. Septem ya Evia ilianza 2009, na bia zake zina majina ya siku za wiki. Santorini wana bia za punda, Yellow Donkey, Red Donkey na Crazy Donkey. Kisiwa cha Chios kinatoa porter, yaani bia nyeusi, ya moshi. Corfu Beer wako kijijini Arillas, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Corfu. Heraklion, Krete, kuna Solo, iliyoanzishwa na Kjetil Jikiun wa Norway, ambaye kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waliofungua kiwanda cha Nøgne Ø kwao.

Ukiingia dukani unatafuta iliyo nzito, soma lebo kwa utulivu. Maneno ya mtindo huandikwa kwa herufi za Kilatini: porter na stout (nyeusi za kimea kilichokaangwa), imperial, strong ale, barley wine (zenye kilevi kingi). Kisha tafuta namba iliyo mbele ya "% vol". Maneno ya Kigiriki yanayokuhusu ni mawili tu: ΑΠΑΣΤΕΡΙΩΤΗ, yaani haikupashwa moto kuua vijidudu, na ΑΦΙΛΤΡΑΡΙΣΤΗ, haikuchujwa. Ukiyaona maneno hayo ujue chupa ina hamira iliyo hai chini. Iweke wima kwenye friji, isilale, na usiifikishe nyumbani kwa pikipiki ukaifungua saa ile ile.

Namba ya kilevi usiipuuze. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 8 ina kilevi cha mililita 26 hivi. Ile chupa kubwa ya nusu lita ya asilimia 5 tuliyoizoea nyumbani ina 25. Kwa hiyo kichupa kidogo ni bia kubwa nzima, na mbili ni mbili. Wagiriki walishaonywa zamani. Askari wao Xenofoni, akirudi na jeshi kutoka vita vya Uajemi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, alipita vijiji vya milima ya Armenia akakuta watu wanakunywa "mvinyo wa shayiri" kutoka vyombo vikubwa, punje zinaelea juu, kila mtu na mrija wake wa tete. Akaandika kwamba ilikuwa kali sana usipotia maji, lakini ukiizoea ni tamu. Mtu wa Teso aliyekaa duara kwenye chungu cha ajono, au Mrundi mbele ya impeke, akiisoma habari hiyo atadhani jamaa alipotea njia akatokea kwao.

Toa kwenye friji mapema

Hii ndiyo hatua inayobeba nusu ya kazi, na haigharimu kitu. Friji ya nyumbani iko nyuzi 4 hivi. Bia nzito inataka nyuzi 10 hadi 13. Siku ya kawaida, toa chupa uiweke mezani dakika 25 au 30 kabla ya kufungua. Julai ya Athens, jua likipiga 38, dakika 10 zinatosha.

Sababu yake iko kwenye ulimi na pua. Baridi kali inaufisha ulimi, na harufu hazipandi kutoka kwenye kinywaji cha baridi. Kinachobaki ni uchungu na gesi. Mara yangu ya kwanza niliitoa porter ya asilimia 8 nyuma kabisa ya friji, pale panapoganda, nikaipiga funda. Nikapata ladha ya kahawa ya jana iliyosahaulika kwenye sufuria, nikasema hawa watu wanatuibia. Mzee mmoja mteja wetu, ambaye kila jioni anakaa meza ya pembeni na gazeti lake, akaninyooshea kidole: "Sigá sigá." Ni polepole yao, nayo inarudiwa mara mbili kama ya kwetu. Nikaiacha glasi juu ya kaunta nikaenda kufuta meza. Niliporudi bia ilikuwa imegeuka: chokoleti, tende, na kwa mbali harufu ya sukari guru. Glasi ni ile ile, dakika kumi na tano baadaye.

Glasi

Glasi ya mvinyo yenye tumbo na mdomo uliojikunja kidogo ndani inafaa kuliko bilauri ndefu, kwa kuwa inashika harufu. Usiigandishe. Na iwe safi kweli: mafuta kidogo tu au mabaki ya sabuni ya vyombo yanaliua povu. Jinsi ya kujua? Ukishamimina, angalia ubavu wa glasi. Vipovu vikiwa vimeng'ang'ania kioo sehemu moja moja, hapo pana uchafu. Suuza kwa maji baridi tu, iache ijikaushe yenyewe, maana kitambaa cha jikoni kinarudisha mafuta.

Kumimina

Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni hadi ifike nusu, kisha isimamishe wima umalizie katikati ili povu liinuke vidole viwili. Povu la porter nzuri lina rangi ya chai ya maziwa. Ukisogea chini ya chupa isiyochujwa, simama. Ile sentimita ya mwisho yenye tope ni hamira. Haina madhara, ila inachafua ladha, na wengine huwalegeza tumbo. Mimi huimimina kwenye kikombe kidogo naionja peke yake, kwa udadisi tu.

Chupa moja wagawane watu wawili. Sisemi hivyo kwa ubahili. Glasi ikijaa hadi juu huna pa kuingiza pua.

Tazama, kisha nusa

Inua glasi kwenye mwanga wa taa. Bia unayodhani ni nyeusi tititi mara nyingi ina wekundu wa rozela kwenye kingo. Hilo ni jambo la kufurahisha macho tu, tusikae hapo.

Puani ndipo pa kukaa. Zungusha glasi kidogo, nusa mara mbili fupi, pumzika, nusa tena. Weusi wa bia hii unatoka kwenye shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, halafu sehemu yake ikakaangwa kama buni, kwa hiyo harufu za mwanzo ni za vitu vilivyoona moto: kahawa, kakao, mkate uliobabuka. Usijilazimishe kutafuta maneno ya wazungu ya kwenye lebo. Mimi napata ukoko wa wali, ule wa chini ya sufuria ulioiva rangi ya kahawia kabla haujaungua. Shemeji alipata zabibu kavu na "ile harufu ya duka la viungo". Kwenye ile porter ya moshi ya Chios utawakumbuka samaki waliobanikwa, kwa sababu kimea cha bia za namna hiyo hufukizwa moshi wa kuni.

Kuna harufu za kukataa pia. Boksi lililonyeshewa mvua maana yake bia imechakaa, imepata hewa au imekaa kwenye joto dukani. Siki kali kwenye bia isiyotakiwa kuwa chachu ni vijidudu vimeingia. Chupa ikifoka yote ulipoifungua, onja kwa tahadhari. Taverna yoyote ya heshima itakubadilishia bila maneno mengi, lakini sema mapema, usiseme chupa ikiwa tupu.

Mafunda matatu

Funda la kwanza halihesabiwi. Ni la kusafisha kinywa na kuondoa ladha ya dawa ya meno au ya sigara ya jirani. Funda la pili liwe dogo. Lisukutue polepole lifike pande zote za ulimi, lihesabie hadi tatu, meza, halafu toa pumzi kwa pua mdomo ukiwa umefungwa. Hapo ndipo wengi hushtuka, maana nusu ya ladha inakuja baada ya kumeza.

Jiulize mambo machache. Utamu ulikuja kwanza au uchungu? Bia ilikuwa nyepesi kama maji au nzito kama uji mwembamba? Kilevi kilipasha koo joto, au kilichoma kama gongo? Bia nzito iliyotengenezwa vizuri inapasha, haichomi. Na ukakasi je, ule wa ndizi mbichi unaokunja ulimi? Ukakasi kidogo ni haki ya kimea kilichokaangwa. Ukizidi, fundi aliunguza au alikamua makapi ya kimea kupita kiasi.

Halafu kunywa maji, tafuna kipande cha mkate mkavu, ngoja dakika tano. Funda la tatu litakuwa la bia nyingine kidogo, kwa kuwa joto limepanda. Andika kwenye simu maneno matatu tu. Kesho utakuwa umesahau.

Chakula

Ugiriki mtu hanywi meza ikiwa tupu. Ukiagiza kinywaji vinakuja vijisahani vya meze, hata kama ni zeituni nne na kipande cha nyanya. Desturi hiyo inaifaa bia nzito kuliko kinywaji chochote nilichowahi kumimina, lakini si kila kisahani kinakubaliana nayo.

Anza na jibini, ndilo somo rahisi. Feta, ambalo kila mgeni analikimbilia, si mwenza mzuri wa bia nyeusi: chumvi yake na uchachu wake vinagombana na uchungu wa kimea kilichokaangwa, na unabaki na ladha ya chuma mdomoni. Agiza graviera, la Naxos au la Krete, gumu kidogo, tamu kama karanga. Au metsovone, jibini la moshi kutoka Metsovo kule milimani Epirus, ukilipata na porter ya moshi. Kata kipande chembamba, kiache kilegee ulimini, kisha ndipo ulete bia. Utaratibu ni huo kwa kila chakula: kwanza chakula, kisha funda, kisha chakula tena. Mafuta yanaupaka ulimi, gesi na uchungu vinakuja kuukwangua, na tonge linalofuata linakuwa kama la kwanza.

Nyama ya kuchoma haihitaji maelezo kwa Mswahili. Paidakia, zile mbavu za kondoo zilizochomwa kwa mkaa zikatiwa chumvi, limao na oregano, zina ule weusi wa pembeni unaotafutwa na kila mpenda nyama choma. Weusi wa nyama na weusi wa kimea vimezaliwa na moto mmoja. Ila limao liwe dogo. Soseji za loukaniko zenye maganda ya chungwa, na apaki, nyama ya Krete iliyofukizwa, zinaenda vizuri sana. Nyingi ni za nguruwe, na nawajua jamaa zangu wanaokunywa ila nguruwe hawamgusi. Uliza kwanza.

Chakula nilichokiweka moyoni ni stifado. Ni nyama ya ng'ombe au sungura iliyopikwa kwa saa nyingi na vitunguu vidogo vizima, vingi kama nyama yenyewe, kwenye mchuzi wa nyanya na mvinyo au siki, ukatiwa mdalasini, karafuu, na majani ya bay. Sufuria ikifunuliwa, mtu wa Pwani anasimama: hii ni pilau iliyopoteza mchele. Bia inayofaa hapa ni ile nyekundu nzito au barley wine yenye utamu wa karameli, wala si nyeusi chungu. Karafuu inazaa uchungu wake yenyewe, ukiongeza wa kahawa unazidi. Utamu wa bia unaikumbatia karafuu, na vitunguu vilivyoyeyuka vinakuwa kama jamu. Siku hiyo shemeji aliacha kuuliza habari ya moto na baridi.

Pweza wa kuchoma naye nimjibu, maana naulizwa. Wagiriki wanamwanika juani kisha wanamweka kwenye mkaa, vidole vyake vinababuka nchani. Bia nyeusi inamfunika kabisa, husikii bahari. Mpe bia nyekundu ya kawaida, ya asilimia 5 au 6.

Sasa vitu vitamu, na hapa ndipo tunawazidi wenyeji. Wataalamu wengi hushauri bia isizidiwe utamu na kitindamlo, na kwa keki ya kawaida ni ushauri mzuri. Lakini mtu aliyekaa barazani Mombasa au Unguja anajua kahawa chungu inanywewa na nini: halua, kashata, tende. Uchungu unakata utamu, utamu unaulainisha uchungu, na hakuna anayetaka sukari kwenye kikombe. Stout kavu yenye uchungu, na kipande kidogo cha baklava ya jozi iliyozama kwenye shira, ni baraza ile ile imehamia Mediterania. Wagiriki nao wana halva, moja ya semolina na nyingine ya ufuta uliosagwa, ile wanayoila sana wakati wa Kwaresima. Ya ufuta jaribu na porter: mafuta ya ufuta na kakao ya kimea vinashikana. Kipande kiwe cha ukubwa wa kidole gumba. Kikiwa kikubwa kinachosha.

Vya kuepuka ni vichache. Supu na michuzi ya avgolemono, yenye mayai na limao. Saladi ya kijijini yenye siki. Samaki mweupe wa mvuke. Na pilipili: Wagiriki hawaili sana, lakini sisi tunatembea na chupa yetu. Kilevi cha asilimia 8 kinaupandisha moto wa pilipili mbuzi hadi masikioni. Nimejaribu kwa niaba yenu.

Mpangilio wa meza

Ukiwa na chupa tatu, panda ngazi: nyepesi kwanza, nyekundu, kisha nyeusi yenye kilevi kikubwa. Ukirudi nyuma, nyepesi itakuwa maji. Kwa watu wanne, chupa tatu za 330 na sahani nne zinatosha jioni nzima, na yeyote mwenye ufunguo wa gari ahamie kwenye tsitsibira. Hii ni ya Corfu, iliachwa na Waingereza waliosimamia visiwa vile kuanzia 1815 hadi 1864, nayo ni tangawizi na limao yenye gesi. Jina lenyewe ni la Kiingereza, ginger beer, lililosagwa na ulimi wa kisiwani, na ukiinywa unajikuta Dar ukiwa na soda ya tangawizi mkononi. Hutengenezwa kwa kuchachusha kidogo, basi asiyetumia kilevi kabisa aisome lebo.

Msomaji aliye Nairobi au Mwanza, ambaye chupa ya Kigiriki itamfikia tu kwenye begi la ndugu, afanyie mazoezi stout yoyote nzito ya dukani kwake: nusu saa nje ya friji, glasi yenye tumbo, mishkaki iliyobabuka, na kashata baadaye.

Shemeji aliondoka na chupa mbili. Tulizivika soksi, moja ndani ya kila kiatu, viatu katikati ya sanduku kubwa la kupakia, siyo begi la mkononi kwa kuwa uwanja wa ndege wangezichukua. Zilifika nzima. Moja aliifungua wiki hiyo hiyo akawapigia simu nyumba nzima waje waonje. Ya pili iko kabatini gizani, imesimama wima. Bia nyeusi yenye kilevi kingi huvumilia mwaka na zaidi, uchungu wake unalainika na tende zinazidi kujitokeza. Ananiambia mke wake kila akipita anauliza inangoja nini.